Muuguzi wa Mahututi Hakuota Sugu

Wahudumu wa afya walipoandamana jijini Nairobi mwaka 2025 mbele ya makao makuu ya Wizara ya Afya, mabango yao yalikuwa mengi na madai yao bayana. Hawa ni watu walioajiriwa kwa kandarasi mwaka 2020 chini ya mpango wa Afya kwa Wote, wakati taifa lilikuwa limekabwa koo na maradhi ya Korona, na walilolitaka ni ajira ya kudumu pamoja na ujira unaolingana na wa wenzao. Madai hayo ni ya haki na sina nia ya kuyapinga. Hata hivyo, nilipoyafuatilia magazetini na redioni kwa majuma kadhaa, nikiwa hapa nyumbani Waa, nilitambua kwamba lipo deni moja ambalo sikuliona katika bango lolote. Nalo ni deni la yale ambayo macho yao yaliyashuhudia.

Nazungumzia hasa wauguzi wa vyumba vya wagonjwa mahututi. Huyu ndiye mtu anayekaa na mgonjwa aliye baina ya uhai na mauti, si kwa dakika kumi kama daktari anayepita, bali kwa zamu nzima, pengine ya saa kumi na mbili. Humgeuza asiote vidonda, humfyonza makohozi kwa mpira, husoma tarakimu za mashine na kuitikia kila king'ora. Mgonjwa anapokata roho, yeye ndiye humfumba macho, akamfunga taya na kumnyoosha viungo kabla jamaa hawajaitwa. Kesho yake hurudi kazini akakuta kitanda kile kile kimetandikwa upya na mtu mwingine amelazwa.

Wataalamu wa maradhi ya akili wanatueleza kwamba mtu aliyeshuhudia mauti au hatari kubwa huenda akabaki na athari ambazo haziondoki kwa kulala wala kwa likizo. Tukio humrudia bila kualikwa, mchana kama fikira na usiku kama ndoto. Huanza kukwepa njia, watu na maneno yanayomkumbusha. Usingizi humpaa, hushtuka kwa kishindo kidogo, huwaka hasira kwa jambo dogo, na wakati mwingine huwa kama ganzi, hacheki wala halii. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na ikamvurugia kazi na nyumba yake, hapo huitwa ugonjwa.

Historia ya kuupa ugonjwa huu jina ina mafunzo makubwa kwetu sisi wa fani ya lugha. Mwaka 1915 daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari watatu waliopoteza kumbukumbu, uoni, ladha na uwezo wa kunusa baada ya mizinga kulipuka karibu nao. Wengine wengi waliotetemeka kama wao walihesabiwa kuwa waoga tu. Uingereza iliwapiga risasi askari wake kadhaa kwa makosa ya woga na utoro vitani, na ni mwaka 2006 tu ndipo 306 kati ya waliouawa katika vita vile walipopewa msamaha, takriban miaka tisini baada ya kuzikwa. Jina la kitabibu tunalolitumia leo liliingizwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, kufuatia kilio cha askari waliorejea kutoka Vietnam. Lakini hata hapo waliofikiriwa kwanza ni wanaume waliobeba bunduki. Ilimbidi Lynda Van Devanter, muuguzi wa jeshi aliyehudumu Vietnam tangu 1969 hadi 1970, aandike kitabu mwaka 1983 ndipo wengi wafahamu kwamba aliyepokea majeruhi mezani naye alirudi nyumbani na vita. Mwongozo huo ulipotolewa upya mwaka 2013 ulitamka wazi kwamba kukabiliwa tena na tena na mambo ya kutisha kutokana na kazi ya mtu kunaweza kuleta maradhi haya.

Basi haya si maneno ya kubuni. Mwaka 2007, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Meredith Mealer walionyesha kwamba asilimia 24 ya wauguzi wa mahututi waliowachunguza walikuwa na dalili hizi, ikilinganishwa na asilimia 14 ya wauguzi wa wadi za kawaida. Angalia kwamba huo ni mwaka wa amani, kabla ya Korona. Katikati ya mwaka 2020, Profesa Neil Greenberg na wenzake waliwahoji wafanyakazi 709 wa vyumba vya mahututi nchini Uingereza, na asilimia 40 wakafikia kiwango cha kushukiwa kuwa na ugonjwa huu. Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba asilimia 13 walisema kuwa katika majuma mawili yaliyotangulia walijiwa mara kwa mara na fikira kwamba ni heri wafe au wajidhuru, na miongoni mwa wauguzi idadi hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya madaktari.

Na hiyo ni nchi ambayo kanuni yake ni muuguzi mmoja kwa kila mgonjwa anayepumua kwa mashine. Sisi je? Utafiti wa Edwine Barasa na wenzake uliochapishwa mwaka 2020 ulihesabu vitanda 537 vya mahututi katika Kenya nzima, na mashine za kupumulia 256. Kwa mujibu wa sensa ya 2019 tulikuwa watu milioni 47.6. Mwalimu wa hesabu atawaonyesha wanafunzi wake kwamba hicho ni kitanda kimoja kwa watu zaidi ya 88,000, na kwamba Kaunti ya Kwale yenye watu 866,820 ingestahiki vitanda tisa au kumi iwapo vingegawanywa kwa usawa, navyo havikugawanywa kwa usawa. Baadaye vitanda viliongezwa, ni kweli. Lakini kitanda hakimuuguzi mtu. Kitanda ni chuma na godoro. Anayekigeuza kuwa cha mahututi ni muuguzi aliyefunzwa, na muuguzi wa aina hiyo hapatikani kwa zabuni.

Uhaba huu una maana nyingine ambayo haionekani kwenye takwimu. Panapokuwa na kitanda kimoja na wahitaji watatu, mtu fulani huchagua. Kwenye karatasi anayechagua ni daktari bingwa, lakini anayesimama mlangoni akiwatazama jamaa wa yule aliyekosa ni muuguzi. Oktoba 2015 taifa lilihuzunika kwa sababu ya majeruhi mmoja wa ajali aliyekaa ndani ya gari la wagonjwa kwa saa 18, akizungushwa kutoka hospitali hadi hospitali katika eneo la Nairobi kwa kukosa kitanda cha mahututi, hatimaye akafa. Tulimlilia marehemu, na tulizikasirikia hospitali. Sikumbuki mjadala wowote kuhusu mhudumu aliyekaa ndani ya gari hilo akimtazama akififia. Sisi wa kusini mwa Pwani hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Kabla ya barabara ya Dongo Kundu kukamilika, mgonjwa wa Kwale aliyepelekwa Makadara alivuka kwa feri ya Likoni, na aliyemshikia chupa ya maji ya mshipa huku akihesabu dakika za foleni alikuwa muuguzi.

Hapa Waa yupo dada mmoja, jirani, ambaye alihudumu katika chumba cha mahututi cha hospitali moja ng'ambo ya kivuko katika miaka ya Korona. Simtaji, wala hospitali yake siitaji. Amenikubalia nieleze machache. Wakati huo jamaa hawakuruhusiwa kuingia. Yeye ni Mkristo kutoka bara, lakini wagonjwa wake wengi walikuwa Waislamu wa huku kwetu, na jamaa walimwomba kwa simu jambo moja tu: wakati ukifika, amtamkishe mzee shahada. Akajifunza. Aliandikiwa kwa herufi za Kiswahili kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwa utepe nyuma ya meza ya dawa. Anasema hajui ni mara ngapi alikisoma, na kwamba alipoacha kukihitaji kwa kuwa maneno yamemkaa kichwani ndipo alipoogopa.

Sasa mita yake ya umeme wa tokeni. Sote tunaijua: uniti zinapokaribia kwisha, huanza kulia ti-ti-ti. Jirani wengine hununua tokeni wakaendelea na usingizi. Yeye, usiku wa manane, alijikuta amesimama ukumbini miguu mitupu, mikono yake ikitafuta mpira wa hewa ambao haupo. Alifanya hivyo mara nyingi hata akawa ananunua umeme wa mwezi mzima kwa mara moja, na pesa zake zikimpungukia kwingine. Shangazi wa mwenye nyumba, mwanamke mwenye hekima na huruma, alimwambia kwamba hilo ni jinamizi, akamletea kombe alinywe na akashauri azinguliwe. Wachungaji wa kanisa lake waliomba na kufunga. Mimi siwacheki hata mmoja wao. Angalau walitambua kwamba kuna kitu kimemwingia mtu na kwamba hakukitaka. Huko kazini mambo yalikuwa tofauti. Alipoomba asipangwe zamu za usiku kwa muda, alitakiwa aandike barua kwa Kiingereza kueleza kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu.

Na hapo ndipo taaluma yangu inaponilazimisha kusema. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini jamii yenye lugha tajiri kama Kiswahili, lugha yenye kiwewe, wahaka, fadhaa, kihoro, jakamoyo, bumbuwazi na simanzi, kila neno na eneo lake la maana, ikawa haina la kumwambia muuguzi huyu ila neno moja: atazoea. Kitenzi 'kuzoea' kimegeuzwa kuwa dawa. Muuguzi mpya akilia kwa kifo cha kwanza, wenzake humwambia atazoea. Asipolia tena, tunasema ameota sugu, nasi hulisema hilo kwa kumsifu.

Tutafakari neno lenyewe. Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani mwa mwenye jembe na kifundoni mwa anayekaa sana juu ya mkeka. Haioti pasiposuguliwa. Kwa hiyo sugu si ushahidi kwamba mkono hauumii. Ni ushahidi kwamba umeumizwa kwa muda mrefu mahali pamoja. Na maana yake ya pili, ile ya ugonjwa sugu, ni maradhi yaliyokataa kuondoka. Lugha yetu imeziweka maana hizo mbili katika neno moja, kana kwamba waliotutangulia walijua jambo tunalolisahau. Tunapomwambia muuguzi kwamba ameota sugu, tunatumia maana ya kwanza ilhali yeye ameshikwa na ya pili.

Yapo maneno mengine mawili yanayomfunga mdomo. La kwanza ni 'wito'. Mwalimu unalijua vizuri, maana hata wewe hurushiwa kila unapoomba nyongeza ya mshahara. Mwenye wito hachoki, hadai, haugui. La pili ni 'shujaa'. Mwaka 2020 wauguzi waliitwa mashujaa katika kila hotuba, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo walilazimika kugoma wakidai vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari. Shujaa hupewa makofi. Mgonjwa hupewa matibabu, na ni vigumu sana mtu mmoja kuwa vyote viwili machoni pa watu. Ningewaomba walimu wa Kiswahili watazame insha za wanafunzi wao kuhusu wauguzi. Watakuta malaika waliovaa mavazi meupe, wasiolala, wenye tabasamu. Tumewafundisha watoto kuandika hivyo.

Halafu kuna 'msongo wa mawazo', istilahi ambayo vyombo vya habari vimeifanya kikapu cha kutilia kila kitu: uchovu, sonona, huzuni ya msiba, deni la benki na hata ugonjwa huu ninaoujadili. Kasoro yake si ya kisarufi bali ya kimaana. Maadamu tatizo limeitwa mawazo, tiba yake inakuwa ni kutowaza. Ndiyo maana kila mtu humshauri mgonjwa 'usifikirie sana', kana kwamba jirani yangu hukaa chini akaamua kuifikiria ile mashine. Yeye hafikirii, mwili wake ndio unaokumbuka. Neno 'kiwewe' linafaa zaidi, kwani katika matumizi yetu mtu huingiwa na kiwewe au hushikwa nacho. Kinatoka nje na kinamkuta mtu. Hakuna anayeulizwa kwa nini ameshikwa. Mimi ningependekeza 'kiwewe sugu' kwa maradhi yenyewe na 'kiwewe cha kazi' pale yanapotokana na ajira, lakini wenzangu wa istilahi wakija na bora zaidi, nitafuata.

Yamkini msomaji atauliza kama haya si anasa. Hospitali za umma hukosa glovu na dawa, seuze washauri nasaha. Nalikubali swali hilo lakini silikubali jibu lililofichwa ndani yake. Muuguzi aliyeshikwa na kiwewe hakai; huondoka. Huhamia wadi nyingine, huacha kazi, au hupanda ndege. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wahudumu wetu wa afya kufanya kazi kule. Simlaumu anayekwenda kutafuta riziki. Nasema tu kwamba anayeondoka huacha kitanda ambacho hakuna mwingine wa kukihudumia, na gharama ya kumfunza mrithi wake ni kubwa kuliko gharama ya kumsikiliza yeye.

Wapo pia watakaosema kwamba nchi imekwisha kuchukua hatua. Ni kweli kiasi. Baada ya bomu la Agosti 7, 1998 lililoua watu 213 jijini Nairobi, Wakenya walizoea kuusikia msamiati wa ushauri nasaha, na baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, washauri waliwekwa karibu na jamaa waliokuja kutambua maiti. Julai 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la kitaifa. Juni 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo, muuguzi aliyefikia ukingo huo na akaokolewa angeweza kuamka kitandani akiwa mshtakiwa.

Lakini tazama namna tulivyofunza huruma yetu: tunaitambua siku. Agosti 7 ina bustani ya ukumbusho. Mtongwe ina tarehe yake, Aprili 29, 1994, na watu 272 waliozama. Likoni ina Agosti 13, 1997, na wengi wetu wa Waa, Ng'ombeni na Tiwi tunajua tulikuwa wapi usiku ule. Msiba wa muuguzi wa mahututi hauna siku. Haukutokea Jumanne. Umegawanywa katika zamu, kifo kimoja juma hili na viwili lijalo, na kila kimoja kikiwa peke yake ni jambo la kawaida la hospitali ambalo halitoshi kuitiwa mshauri. Utaratibu unaosubiri maafa makubwa hautamfikia kamwe.

Shirika la Kazi Duniani liliingiza ugonjwa huu katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi mwaka 2010. Kwa hiyo si jambo la kumwomba gavana kama hisani. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, serikali za kaunti ndizo waajiri wa wauguzi walio wengi, na ndizo zinazoketi na chama chao kujadili mikataba ya pamoja. Mikataba hiyo hujadili marupurupu ya sare, ya nyumba na ya hatari ya kuambukizwa. Hatari ya kuambukizwa inalipwa kwa sababu ina jina na ina fomu. Kwa nini kiwewe kisiwe na fomu?

Wala si lazima tuanze kwa fedha nyingi. Katika kupokezana zamu, daftari huwa na nafasi ya joto la mgonjwa, mapigo ya moyo, mkojo na dawa. Dakika kumi baada ya kifo, walioshiriki wakiketi pamoja na kuzungumza yaliyotokea kwa lugha wanayoiotea ndoto, iwe Kiswahili au Kidigo, si lugha ya barua za nidhamu, hazihitaji bajeti bali zinahitaji amri ya msimamizi. Haziponyi ugonjwa uliokwisha kukomaa, huo ni wa mtaalamu, lakini zitamfanya mtu ajulikane mapema. Vijana wanaosomea uuguzi katika chuo cha KMTC pale Msambweni wafundishwe dalili hizi kama wanavyofundishwa dalili za malaria, na wazijue kwanza ndani ya nafsi zao.

Na kwa kuwa mazungumzo ya mikataba hufanywa kwa Kiingereza na watu wenye haraka, nimewaandalia pande zote mbili kifungu kimoja kwa Kiswahili, wakirekebishe wapendavyo: 'Muuguzi yeyote wa chumba cha wagonjwa mahututi atakayethibitishwa na tabibu kuwa ameshikwa na kiwewe kilichotokana na kazi atahesabiwa kuwa ameumia kazini, atatibiwa kwa gharama ya mwajiri, atahamishwa kwa muda bila kupunguziwa mshahara wala cheo, na hataandikiwa barua ya nidhamu kwa sababu ya kuomba msaada.'